Vitabu vya Mitumba, Ukumbi wa Wote

Mpenzi msomaji, nina kisa kidogo cha kukusimulia kabla sijaingia katika hoja yangu. Jumamosi moja, muhula wa kwanza mwaka huu, nilitumwa steji kumpokea mdogo wangu. Matatu ikachelewa. Nami, kwa kuwa tumbo halina likizo, nikanunua njugu za shilingi kumi kwa mama mmoja anayeketi karibu na kituo cha mafuta. Nikala. Nilipotaka kuitupa ile karatasi nikaona maandishi. Yalikuwa ya Kiswahili, tena Kiswahili kitamu kuliko zile njugu zenyewe. Nikaikunjua. Lo! Ulikuwa ukurasa wa Siku Njema, riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996, ambayo kaka na dada zetu waliisoma kwa ajili ya mtihani. Nikamrudia yule mama. "Mama, karatasi hii umeitoa wapi?" Akacheka. "Si niliuziwa na kijana wa pale juu, kilo nzima. Kwani wewe wataka njugu ama wataka karatasi?"

Nilisimama pale nimeduwaa. Kitabu kilichoandikwa na Mkenya mwenzetu, kikasomwa darasani mwaka baada ya mwaka, sasa kinauzwa kwa kilo kama viazi! Sikumlaumu mama njugu. Yeye anatafuta riziki, na kwake karatasi ni karatasi. Nilijilaumu mimi na wewe. Hebu jiulize, mtihani ukiisha, kitabu huenda wapi? Chunguza nyumbani kwenu. Utakikuta ndani ya gunia, chini ya kitanda, panya wakikisoma usiku wakati sisi tumelala. Na gunia hilo litazidi kujaa. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 unakaribia ukingoni, na mtihani wake wa mwisho wa KCSE umepangwa kuwa mwaka 2027. Siku hiyo ikipita, tamthilia na riwaya tulizozibeba mikononi kama yai zitaonekana hazina kazi tena. Je, zote zifungiwe njugu?

Maoni yangu ni haya. Mji wetu wafaa uwe na duka la vitabu vya mitumba linaloendeshwa kwa hisani, si kwa ajili ya mfuko wa mtu. Vitabu vitolewe na wenye navyo, bila malipo. Viuzwe kwa bei ambayo mtoto wa mchuuzi ataimudu. Faida iwalipie chakula cha mchana wenzetu wa kutwa ambao wazazi wao wamelemewa. Na chumba hicho hicho, kila Jumamosi alasiri, kigeuke jukwaa la mashairi, ngonjera, maigizo, nyimbo na maonyesho ya picha, liwe la wanafunzi na wasio wanafunzi. Najua wapo watakaosema, "Ya duka tumekubali, lakini ya ngoma ni ya nini?" Nawaomba subira. Jibu linakuja.

Kwanza niwaondoe hofu wale wanaodhani kwamba nimeota ndoto ya mchana. Jambo hili limefanywa na watu kwingineko na likafaulu. Huko Uingereza, mwaka 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, watu wachache wa mji wa Oxford waliunda kamati ya kuwasaidia watu wa Ugiriki waliokuwa wakifa njaa. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kama Oxfam, jina ambalo ndugu zetu wa Turkana wanalijua kutokana na misaada ya wakati wa ukame. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikafungua duka katika barabara ya Broad Street, mjini humo humo, kuuza vitu ambavyo watu walivitoa. Mwaka 1987 ikafungua, katika barabara ya St Giles, duka la vitabu pekee. Tangu hapo maduka yake ya vitabu yameenea miji mingi ya Uingereza. Mtu anakuja na mfuko wa vitabu alivyovimaliza, anaviacha, anajiendea zake. Mwingine anaingia, anachagua, analipa. Pesa zinakwenda kwa mwenye shida.

Mfano wa pili ndio unaonigusa zaidi, kwa sababu una jukwaa ndani yake. Mwaka 1990, jijini New York, wanaharakati wachache walianzisha shirika la Housing Works. Walikuwa wamechoka kuwaona wagonjwa wa UKIMWI wasio na makao wakilala barabarani. Kumbuka, msomaji, hiyo ilikuwa miaka ambayo ugonjwa huo ulimfanya mtu akimbiwe hata na ndugu. Hapa kwetu Kenya ulitangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Basi mwaka 1996 shirika hilo likafungua duka la vitabu vilivyokwisha kusomwa katika mtaa wa Crosby Street. Vitabu ni vya kupewa. Wahudumu, wengi wao, ni wa kujitolea. Kuna mahali pa kunywa kahawa. Na usiku, mahali pale pale penye rafu, hufanyika usomaji wa vitabu, muziki na mashindano ya kusimulia visa. Hata harusi zimefungiwa humo! Faida yote huenda kuwapatia wagonjwa makao na matibabu. Yaani mtu akinunua riwaya, amempa mwenzake paa la kulalia, na wakati huo huo amesikiliza hadithi. Ndege wangapi hao kwa jiwe moja?

Sasa nirudi nyumbani, maana mcheza kwao hutuzwa.

Swali la kwanza ninaloulizwa ni hili: kama ni hisani, kwa nini mviuze? Si mvigawe bure? Swali zuri. Lakini nilishaona cha bure kinavyokwenda. Shule moja ninayoijua vizuri, na ambayo sitaitaja, iliwahi kupokea makatoni ya vitabu kutoka ng'ambo. Ilikuwa sherehe, nyimbo ziliimbwa na picha zikapigwa. Makatoni yalipofunguliwa tukakuta vitabu vya kutunza bustani wakati wa theluji, vitabu vya sheria za kodi za nchi za watu, na miongozo ya kompyuta za kale ambazo hata wenyewe walishazitupa. Vikawekwa stoo. Mwaka uliofuata mchwa walikuwa wamefaulu mtihani ambao sisi hatukuufanya. Wafadhili walikuwa na moyo safi, sina shaka. Kosa ni kwamba hakuna aliyemwuliza msomaji anataka nini. Mwenye kupewa hupokea lolote. Mwenye kununua huchagua, hata kama anachonunua ni cha shilingi ishirini. Anakishika, anakifungua katikati, anasoma mistari miwili, anakirudisha, anachukua kingine. Muuzaji naye akiona kitabu kimekaa rafuni mwaka mzima hakijaguswa, anajua kwamba aina hiyo asiilete tena.

Kuna na jambo la heshima. Ninaketi dawati moja na msichana ambaye ni wa kutwa. Jina lake nimelihifadhi, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa ya kuandika haya. Muhula uliopita nilimwona kila saa ya chakula amebaki darasani na daftari la Hesabu. Nikamwuliza, "Wee, huli?" Akaniambia ati anafunga na kuomba. Siku ya kwanza nikaamini. Siku ya tano nikamwambia, "Rafiki yangu, maombi haya hayaishi?" Ndipo akaniambia ukweli. Pesa za chakula hazijalipwa, na jina lake liko katika orodha. Hakutaka kwenda kusimama mlangoni mwa bwalo akihesabiwa. Nikampa nusu ya mkate wangu, akaukataa. Lakini siku nilipokuwa na riwaya niliyoimaliza, akaniuliza, "Waiuza ngapi?" Nikamwambia, "Chukua tu." Akatikisa kichwa. "Nikipewa naona kama naangaliwa. Mbao ninayo. Niuzie." Akatoa shilingi ishirini, akaondoka na kitabu chake kwapani. Tangu siku ile nimeelewa kwamba bei ndogo si ukatili. Bei ndogo humwezesha mtu kuingia mlangoni bila kuinamisha kichwa.

Na tusijidanganye kwamba kila mtu anaweza kuingia duka la vitabu vipya. Mwaka 2013 sheria ya kodi ya VAT ilianza kutoza vitabu asilimia 16, na mzazi ndiye aliyeubeba mzigo huo. Ni kweli kwamba kuanzia mwaka 2018 Serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, na kwa hilo tunashukuru. Lakini kitabu cha kiada ni cha darasani. Hadithi ya kusoma usiku kwa raha zako, hiyo hakuna wizara inayokuletea. Hiyo utaitafuta mwenyewe, na mfuko wako ndio utakaosema ndiyo au la.

Sasa nifike kwenye jukwaa, kama nilivyoahidi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa vitabu, wazee wetu watanisamehe, methali hii haitoshi. Kitabu kizuri kikisimamishwa rafuni, mgongo wake tu ndio unaoonekana, na mgongo hausemi. Haya nayasema kwa sababu tumeyajaribu. Muhula wa pili, kwa ruhusa ya mwalimu mlezi wa chama chetu, tuliandaa Jumamosi moja ya kuuza vitabu katika bwalo. Kila mwanachama alileta alichonacho. Tukapanga meza, tukaandika bei kwa chokaa: 20, 30, na vile vinono 50. Tukaalika wazazi na majirani. Kufikia saa saba mchana tulikuwa tumeuza vitabu 14, na vitano kati yake vilinunuliwa na mwalimu mlezi mwenyewe, nadhani kwa huruma.

Tulikuwa karibu kufunga virago. Ndipo yule rafiki yangu wa dawati akapanda juu ya benchi. Hakuwa katika ratiba. Akachukua kitabu kimoja cha hadithi fupi kutoka mezani, akaanza kutusimulia hadithi iliyomo, si kwa kuisoma, bali kwa kuigiza. Alikuwa mama mkwe, akawa chifu, akawa mbuzi. Watu waliokuwa wakinywa chai nje wakaingia na vikombe vyao. Alipofika mahali ambapo mlango unabishwa usiku wa manane, akanyamaza. Bwalo zima likanyamaza. Kisha akakifunga kitabu, akasema, "Aliyebisha ni nani, mtamjua mkinunua. Shilingi hamsini." Jamani! Kicheko kilichotoka hapo kilisikika hadi jikoni. Kitabu kile kiligombaniwa na baba wawili. Baadaye wavulana wa Kidato cha Nne wakatoa ngonjera, mama mmoja kutoka kanisa la jirani akaimba, na dereva wa matatu, mtu ambaye hatukumjua, akaomba nafasi akatughania shairi alilolitunga mwenyewe barabarani. Kufikia jioni meza zilikuwa karibu tupu.

Hebu tafakari. Vitabu vilikuwa vile vile, na bei ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sauti ya mtu iliingia ndani ya kitabu. Na faida ikaenda pande zote mbili, maana yule dereva tangu zamani hakuwa na mahali pa kulighani shairi lake. Baa hawataki mashairi. Kanisani kuna utaratibu wake. Nani angelimsikiliza? Siku ile alisikilizwa, na alipoondoka alikuwa na vitabu viwili. Ndiyo maana nasema duka na ukumbi ni mume na mke. Ukiwatenganisha, duka litakuwa stoo na ukumbi utakuwa kelele.

Hata hivyo, si kila mtu aliyefurahi, na nisipoyasema haya nitakuwa mwongo. Karibu na mlango alisimama mzee mmoja ambaye sote tunamjua. Yeye huuza vitabu vilivyotumika karibu na soko, ametandaza turubai chini. Hivyo ndivyo wanavyofanya wenzake kando ya barabara za Nairobi, ambako vibanda vya namna hiyo huitwa "inama", kwa kuwa huwezi kuchagua bila kuinama. Nilimsalimu, "Shikamoo Mzee." Akaitikia marahaba, kisha akaniambia kwa upole, "Binti yangu, kitabu hicho mnachouza mbao, mimi nilikinunua hamsini. Nikikiuza sabini, nimepata unga. Nyinyi mmepewa bure, hamlipi kodi ya mahali, hamna mtoto wa kulisha. Mimi nitashindana na hisani vipi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikupata usingizi. Mzee yule ndiye aliyeniuzia kamusi yangu ya kwanza, tena kwa mkopo. Je, tunawalisha wenzetu wa kutwa kwa kumnyang'anya mjukuu wake chakula? Baadaye nilisoma kwamba malalamiko hayo hayo yaliwahi kutolewa na wauzaji wa vitabu vilivyotumika huko Uingereza. Walisema maduka ya hisani yanapata bidhaa bure, yanahudumiwa na watu wasiolipwa mshahara, na hata kodi ya majengo yanasamehewa sehemu kubwa, ilhali wao wanalipa kila kitu. Kwa hivyo neno la Mzee si wivu. Ni hoja, na hisani isiyojibu hoja hiyo ni uonevu uliovaa kanzu nyeupe.

Jibu langu, baada ya kulitafakari kwa wiki kadhaa, ni kwamba duka letu lisiuze vitabu vya kiada wala vitabu teule vinavyotahiniwa wakati huo. Hivyo ndivyo vinavyomlisha Mzee, hasa mwezi wa Januari. Atakayetuletea hivyo, tutamwelekeza kwake. Sisi tuuze hadithi, mashairi, tawasifu, historia, majarida na vitabu vya watoto, yaani vile ambavyo Mzee mwenyewe huvilalamikia kuwa vinakaa kwenye turubai hadi vinapauka kwa jua. Tena Jumamosi za maonyesho apewe meza yake mlangoni bila malipo, kwa sababu watu watakaokuja kwa ajili ya ngonjera watapita mbele yake. Nilimpelekea wazo hili. Akalisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hilo la meza nimelipenda. Hilo la Januari mtalikumbuka kweli?" Basi naliandika hapa, ili likisahaulika, ukurasa huu utushtaki.

Pingamizi la pili hutoka kwa wakubwa wetu. Wanasema ukumbi wa wazi utaleta wahuni, utaleta kelele, utaleta siasa. Nawaheshimu, lakini naomba tuikumbuke historia yetu. Mwaka 1977, kijijini Kamiriithu karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga ukumbi wao wa wazi kwa mikono yao, wakaigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia iliyoandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Watu walimiminika. Haukupita muda, onyesho likapigwa marufuku, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Lakini je, hadithi ilibomoka? La hasha! Leo, zaidi ya miaka arobaini baadaye, tunaisoma. Funzo ninalolipata pale si la siasa. Ni kwamba mtu anapenda mahali ambapo mkono wake umo. Kijana aliyepaka rangi ukuta wa ukumbi hatauvunja dirisha lake usiku. Mhuni unayemwogopa, mpe brashi.

Na nyumba ya vitabu ikifungiwa watu, tunajua pia inavyokuwa. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni ilikuwa ya Wazungu pekee. Mwafrika angeweza kufagia ngazi zake, lakini si kukaa na kusoma. Tangu mwaka 2017 shirika la Kenya liitwalo Book Bunk limejitwika kazi ya kuifufua maktaba hiyo pamoja na zile za Kaloleni na Makadara, na halikuishia kwenye rafu na rangi, bali limewaalika watu wa mitaa hiyo kwa sanaa na mazungumzo. Basi kama nyumba iliyojengwa kwa ubaguzi inaweza kugeuzwa kuwa baraza la wote, itakuwaje sisi tushindwe na chumba kimoja?

Chumba kipo. Kila mmoja wetu anakijua: lile ghala la zamani lililo nyuma ya bwalo, lenye mlango unaotazama barabarani. Kwa sasa limejaa vitanda vilivyovunjika. Paa lake ni zima. Ninapendekeza yafuatayo, na ninaomba yajadiliwe katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Kwanza, kuwe na kamati ya watu watano: wanafunzi wawili, mwalimu, mzazi, na mtu mmoja wa mjini asiye na mtoto hapa shuleni, ili mji nao ujue kwamba mahali hapa ni pao. Pili, daftari la hesabu libandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi, mapato na matumizi, mtu yeyote asome. Pesa ya hisani isiyoonekana huzaa maneno, na maneno huua hisani. Tatu, pesa za chakula zilipwe ofisini kimya kimya, bila orodha kusomwa gwarideni. Nne, kiingilio cha maonyesho kisiwepo. Asiye na kitu asikilize bure, ila mlangoni kuwe na kikapu cha vitabu, mwenye kimoja cha ziada akitumbukize.

Je, duka hili litamaliza njaa ya kila mwanafunzi wa kutwa? Hapana, na nisingependa mtu adhani hivyo. Jumamosi ile moja iliwalipia wenzetu wachache tu chakula cha wiki chache. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Na ukumbi wenyewe una chakula cha aina nyingine, maana yule aliyekuwa akijificha nyuma ya daftari la Hesabu saa saba mchana, siku hizi akipita sokoni watu humwita, "Msimulizi! Aliyebisha mlango alikuwa nani?" Naye hujibu, "Shilingi hamsini!"

Wanafunzi wenzangu, wazazi na walimu wetu wapendwa, fungueni magunia yale. Leteni vitabu hivyo kabla ya panya na kabla ya mizani. Kwa sasa tunavihifadhi katika katoni chini ya meza ya mwalimu mlezi, na katoni la tatu limeanza kujaa. Mimi nimekwisha kufanya mapatano na mama njugu. Kila kitabu anacholetewa ananiwekea kando kabla hajakichana, nami kila Ijumaa nampelekea magazeti ya zamani kutoka nyumbani, uzito kwa uzito. Wiki iliyopita aliniwekea vitatu. Kimoja hakuwa tayari kunipa. Alisema ameanza kukisoma.